Siku Niliyopokea Simu ya Marehemu

Nianze na upumbavu wenyewe, msije mkasema baadaye kwamba niliwazungusha: nilipokea simu ya marehemu mjomba wangu kwa sauti ya marehemu mjomba wangu, na nikiwa bado ndani ya sauti hiyo nikamuuzia mzee mmoja wa Houston bunduki ya zamani kwa maneno ya uongo. Basi, nimeshasema. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele nafasi ya kucheka inazidi kupungua.

Mimi ni Godlisten, nyumbani naitwa Godi, nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Arlington, Texas, na kipaji pekee ambacho Mungu alinipa bila kunibania ni kuiga sauti za wazee. Mchungaji wetu namwiga mpaka vijana wenzangu wanainamisha vichwa wakidhani kweli tunaanza kuomba. Mwalimu wa hesabu namwiga. Mama yangu simwigi (napenda meno yangu). Lakini wa kwanza kabisa, kazi yangu bora, ile niliyokuwa nikiombwa kwenye kila sherehe ya Watanzania kuanzia hapa hadi Richardson, alikuwa mjomba Eli, kaka mkubwa wa mama. Nilikuwa naanza na kikohozi chake, viwili vifupi, kama mtu anayegonga mlango wa chumba ambacho anajua wewe umo, halafu namalizia na vile alivyokuwa akimwita mama: "Kadogo, hivi katika nyumba hii chai hutolewa kwa barua ya maombi?" Mama ana miaka hamsini na mbili, ni nesi, na madaktari wazima wanamwogopa, na duniani kote alikuwepo mtu mmoja tu wa kumwita Kadogo. Mjomba mwenyewe alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho, anafuta machozi ya kicheko, kisha anasema, "Umenikosea kwenye pumzi. Mimi nachoka kuliko hivyo."

Sasa mniruhusu niwaeleze habari ya bunduki, kwa sababu bila hiyo mtadhani sisi ni familia ya majambazi. Mjomba alikuwa fundi wa ndege mpaka alipostaafu, na kazi yake ya pili, isiyo na mshahara wala likizo, ilikuwa kukagua bunduki za kijeshi za zamani, zile ambazo majeshi yalishamaliza kuzitumia yakaziuza, na ambazo wazee wa Texas wanazikusanya kama vile wengine wanavyokusanya stempu. Jumamosi alikuwa akinichukua tunakwenda kwenye maonyesho ya bunduki Fort Worth, ukumbi mkubwa wenye meza zisizoisha, na humo ndani utamwona mzee mwenye kofia pana anamwita mjomba wangu, Mchaga wa watu kutoka Moshi, ili aje kumwambia kama kitu alichonacho mkononi ni chenyewe au amepigwa. Mjomba hakuwa anatoza kitu. Anachuchumaa, anaingiza kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, anamulika na kitochi chake kidogo, anatazama ile mifereji ya ndani kama daktari wa masikio, halafu anafumba macho na kupitisha kidole gumba juu ya mbao kutafuta mihuri ya kiwandani. Mihuri ikiwa imefifia, mbao imepigwa msasa ili ipendeze, na thamani imeshashuka.

"Usianze na bei," alikuwa akiniambia. "Bei ni neno la mwisho. Kwanza tazama imechakaa wapi. Kitu kilichochakaa kwa haki kinachakaa pale mkono unapokaa. Ukiona kimechakaa kwingine, kuna mtu anakudanganya."

Na mimi, mpiga soga asiyetulia darasani hata dakika tano, hapo nilikuwa natulia. Sijui kwa nini. Nilijifunza mpaka ikafika wakati ananipa bunduki ya mtu na kuniuliza mbele ya mwenyewe, "Godi, unaonaje?" na nikisema, anatikisa kichwa kwamba ndiyo, basi.

Ya kwake mwenyewe ilikuwa moja tu, bunduki ya Kiingereza ya vita vya pili vya dunia, mbao yake nyeusi kama kahawa pale mkono unapokaa, kwa sababu baba yake, babu yangu mzaa mama ambaye sikumkuta, alipelekwa Burma na jeshi la Waingereza akiwa amebeba ya aina hiyohiyo. "Si yake," mjomba alikuwa akisema, "lakini ni ndugu yake tumbo moja." Ilikuwa na kasoro moja kubwa. Lile komeo la chuma unalolivuta nyuma, wenyewe wanaliita bolti, linatakiwa liwe na namba sawa na namba ya bunduki, na ya mjomba ilikuwa na namba nyingine kabisa, kwa sababu (kwa maelezo yake) huko ghalani kuna mtu alichomoa bolti za bunduki mia, akazitumbukiza kwenye pipa moja la mafuta, kisha akazirudisha kama watu wanavyorudisha soksi. Kwa wakusanyaji hilo ni jambo kubwa, linakata karibu nusu ya bei. Nyumbani bunduki ilikaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli, na bolti ilikaa jikoni kwenye kopo la majani ya chai, kiasi kwamba hata shetani angetaka kuitumia, ingebidi kwanza aombe ufunguo kwa mke wa mjomba, Anti Ruthi, halafu aulize tena kopo liko wapi.

Mjomba alifariki mwishoni mwa kiangazi. Moyo. Tulimzika hapahapa Arlington, jua kali mpaka kwaya ilikuwa inaimba imefumba macho. Kabla hajafa alimwachia Anti maagizo mafupi kuhusu bunduki: auziwe mtu anayejua, kwa bei ya haki, na aambiwe kila kasoro. Anti alikuwa anajiandaa kuhamia Houston kwa binti yake, na binti ana watoto wadogo wanaopanda kila kitu, kwa hiyo bunduki isingeweza kwenda. "Alichosisitiza ni kimoja tu," Anti alituambia mimi na mama. "Asidanganywe mtu kwa jina langu." Alisema hivyo akiwa anakunja mashati ya mjomba, na alipomaliza kulikunja moja alilikunjua akaanza upya.

Alhamisi moja, wiki ya tano baada ya msiba, nilitoka shule nikaenda kwa Anti kumsaidia kufunga maboksi. Alinipa soda, akaniambia anakwenda duka la dawa, nisivunje kitu. Nikabaki mimi, maboksi, kiti cha mjomba kile cha kujilaza (kilikuwa bado kimebonyea umbo lake, kama kinamsubiri arudi kutoka chooni), na mbwa wake, Bosi, mzee mwenye mvi mdomoni, ambaye tangu siku ya mazishi alikuwa amelala mbele ya kiti hicho na hatii mtu. Unamwita, anakutazama kama karani wa ofisi saa sita mchana.

Na kwenye kaunta ya jikoni kulikuwa na simu ya mjomba, kwenye chaji. Anti hakuwahi kuizima. Mama aliniambia sababu yake na kunikataza nisiitaje: kila jioni Anti anaipigia, anaiacha ilie mpaka ile sauti ya mjomba iseme hayupo, acha ujumbe. Kisha anakata.

Ikalia.

Nawaapia nilisimama tu kuiangalia. Ililia mara nne, na ule mlio wake wa kizamani ulikuwa mkubwa mno katika nyumba tupu, na Bosi akanyanyua kichwa. Namba ya Houston. Nikajiambia itakuwa ni wale wauza bima, na wauza bima mimi nawajua, ni halali yangu, nilishamwiga mchungaji nikamwombea mmoja wao mpaka akakata simu mwenyewe. Nikapokea. Nikakohoa mara mbili.

"Eli hapa," nikasema.

Hakuwa muuza bima. Alikuwa mzee mwenye sauti ya pole, Kiingereza cha Texas cha kuvutavuta (mimi nawawekea kwa Kiswahili), akasema anaitwa Harlan, hatujawahi kuonana, ila miezi michache nyuma alipewa namba hii na rafiki kwenye maonyesho, akaacha ujumbe kuulizia ile bunduki ya Kiingereza, na sasa anataka kujua kama bado ipo.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema samahani, mimi ni mpwa wake, mwenyewe amefariki. Maneno manne matano. Niliyaona kabisa, yalikuwa yamepanga foleni. Lakini ile sauti ilikuwa imenikaa vizuri siku hiyo, vizuri kuliko siku zote, sikuwa naisukuma, ilikuwa inatoka yenyewe kana kwamba kuna mtu nyuma yangu anaivuta, na nikaona tamu kuwa mjomba kwa dakika moja zaidi.

"Ipo," nikasema.

"Mbao?"

"Haijawahi kuguswa na msasa." (Kweli.)

"Mtutu?"

"Unaweza kunyolea ndevu humo." (Mjomba asingesema hivyo hata akiwa na homa.)

"Na namba? Zinalingana zote?"

Nikakohoa mara mbili tena, kama mtu anayefikiri. Nilijua. Niliishika bolti ile kwa mikono yangu mara ishirini, najua namba yake kuliko namba ya nyumba yetu. Nikasema, "Zote. Mpaka ya bolti."

"Bei?"

"Dola elfu moja na mia tano, na hapo nimekuonea huruma."

Akasema kwa hali hiyo ni sawa, atakuja Jumamosi mchana, anayo anwani. Nikasema karibu. Bosi alikuwa amesimama sasa, ananitazama, mkia unatetemeka kidogo, na mimi bila hata kufikiri nikamwambia kwa sauti ileile, "Bosi, tulia."

Akatulia. Alikuja polepole mpaka kwangu, akalala chini, akaweka kidevu chake juu ya kiatu changu na kupumua kwa nguvu kama mtu aliyetua mzigo.

Nje kulikuwa na joto la kukaangia yai. Mimi nywele za mikono zilisimama. Nikakata simu, nikafuta kumbukumbu ya ile simu iliyoingia (mhalifu kamili), na Anti aliporudi alimkuta mbwa amelala mguuni kwangu, akasimama mlangoni na mfuko wake wa dawa.

"Amekuja kwako mwenyewe?" akauliza.

"Ndiyo, Anti."

"Maskini. Labda unanukia kama yeye."

Mpango wangu ulikuwa mzuri sana, kama mipango yote ya wajinga: nitampigia yule mzee, nitasema bunduki imeshauzwa. Ijumaa kulikuwa na mtihani wa fizikia, baada ya fizikia kulikuwa na mpira, baada ya mpira nikalala. Jumamosi asubuhi mama akanigonga mgongoni na mwiko: twende kwa Anti, akina mama wa kwaya wanakuja kumsaidia kufunga vyombo. Nikajiambia nitakaa kibarazani, gari la yule mzee likitokea tu nakimbia kumzuia.

Nilikaa kibarazani kweli, tangu saa nne. Kufika saa saba mchana anga lilibadilika. Waliokaa Texas wanaijua ile rangi, kijani kama maji ya chupa, na upepo unakata ghafla, na wadudu wa kwenye miti waliokuwa wanapiga kelele tangu asubuhi wananyamaza wote kwa pamoja. Ukimya ule ulikuwa mbaya. Mama akafungua mlango akaniambia niingie ndani, hali ya hewa si nzuri, na nisaidie kubeba sufuria. Nikabeba sufuria. Dakika moja tu, jamani. Nikiwa jikoni, kengele ya mlango ikalia.

Sebuleni walikuwepo Anti, mama, na akina mama watano wa kwaya wenye magazeti mikononi wanafungia glasi. Bunduki ilikuwa juu ya meza ya chakula, Anti ameilaza juu ya shuka jeupe, kwa sababu alitaka mama na mimi tuipige picha siku hiyo ili aanze kutafuta mnunuzi. Kuiona imelala vile, ndefu na nyeusi juu ya shuka, na mwanga ule wa kijani unaingia dirishani, utafikiri tunakesha msiba wa pili.

Mzee Harlan aliingia na kofia yake kifuani. Mrefu, mwembamba, mikono ya kutetemeka. Akasalimia wote, akaiona bunduki, akatabasamu, akauliza, "Bwana Eli yuko?"

Anti akamwambia kwa upole, pole sana baba, mume wangu alifariki.

Yule mzee akamwangalia. "Lini?"

"Wiki tano zilizopita."

"Haiwezekani, mama. Nimeongea naye juzi."

Glasi zote zilisimama kwenye magazeti. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jikoni na sufuria mikononi, na sufuria ilianza kuwa nzito. Nikangoja Anti aseme umekosea namba. Anti hakusema hivyo. Alikwenda hatua mbili kuelekea kwa yule mzee, na akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, kama ya mtoto anayeuliza kama anaweza kuingia:

"Alikohoa?"

"Mara mbili," Harlan akasema. "Na mara mbili tena kabla ya kunijibu habari ya bolti."

Anti akakaa. Hakutafuta kiti, alikaa tu, na bahati nzuri nyuma yake kilikuwepo kile cha mjomba. "Ndiye," akasema. Mama mmoja wa kwaya akaanza kuomba kwa kunong'ona, mwingine akafumba macho, na mama yangu, ambaye ameona watu wakifa kwa miaka ishirini na hana mchezo na mizimu, aligeuza shingo taratibu, kama kamera ya benki, mpaka akanipata mimi.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini Anti alikuwa anauliza, "Alisemaje? Niambie yote, usiruke neno," na uso wake ulikuwa na furaha ya kutisha, na nikajiuliza ni mtu gani anaweza kuizima furaha hiyo mbele ya watu saba. (Jibu: mtu mwenye adabu. Sikuwepo.)

Harlan akasema, "La kwanza aliisifu sana, mpaka nikashangaa. Namba zote sawa, elfu moja na mia tano. Lakini jioni ileile akaniachia ujumbe kujisahihisha, na huo ujumbe ndio ulionifanya nije. Mtu anayejisahihisha mwenyewe ni adimu."

Sasa hapo ndipo mimi niliweka sufuria chini. Mimi nilipokea simu moja. Sikupiga. Sikuacha ujumbe wowote. Jioni ile simu ya mjomba ilikuwa palepale kwenye kaunta na mimi nilikuwa nyumbani kwetu nakula wali.

"Unao?" Anti akauliza.

Mzee akatoa simu yake, akahangaika nayo kwa kidole kimoja, akaiweka mezani kando ya bunduki. Kikatoka kikohozi. Viwili, vifupi. Kisha ikatoka sauti ya mjomba Eli, ya mjomba mwenyewe, na nikajua papo hapo kwamba miaka yote ile sikuwahi kuipata.

"Bwana Harlan, ni Eli wa Arlington. Umeniulizia ile bunduki, na sitaki uendeshe gari saa nne nzima kwa maneno matamu. Mtutu ni mzuri, mifereji inaonekana, ila mdomoni pamechoka kidogo. Mbao haijapigwa msasa, mihuri unaisikia kwa kidole. Bolti si yake. Namba hazilingani, na mtu akikuambia zinalingana usinunue kitu kwake, hata kama ni mimi. Bei yake ya haki ni mia sita. Kama utakuja nikawa sipo, mke wangu yupo, na yupo mtoto wa dada yangu, anaitwa Godi, yeye atakuonyesha. Ni mtu wa mizaha kupita kiasi, anacheza na kila kitu, lakini kwenye kazi hii hajawahi kunidanganya."

Akavuta pumzi, ndefu, ya kuchoka, ile pumzi niliyokuwa naikosea. Halafu akasema maneno ya Kiswahili, si kwa Harlan, ni kwa mtu wa pembeni yake:

"Bosi, tulia. Bado kidogo."

Mbwa alikuwa ameshafika mezani. Alisimama pua karibu na simu, masikio juu. Aliposikia hivyo alilala chini kama alivyoambiwa. Kisha ujumbe ukaisha, na Bosi akanyanyua kichwa, akaitazama simu, akainuka, akapita katikati ya maboksi na miguu ya akina mama wote, akaja mpaka kwenye mlango wa jikoni, akakaa mbele yangu na kunisubiri nimalizie.

Hakuna polisi duniani angenikamata vizuri kuliko hivyo.

Mama yangu ndiye aliyeinama na kusoma kioo cha ile simu. "Huu ujumbe si wa juzi," akamwambia Harlan. "Tazama tarehe. Aliuacha siku moja kabla hatujampeleka hospitali."

Mzee akavaa miwani. Akasoma, akasoma tena. Akasema yeye hana mazoea ya kusikiliza ujumbe, Alhamisi jioni aliona tu alama, akabonyeza, akadhani umeingia muda huohuo. Kisha akakunja uso. "Basi yule niliyeongea naye alikuwa nani? Maana anafanana. Anafanana sana. Lakini huyu hapa amechoka. Yule alikuwa anafurahia."

"Godlisten," mama akasema. Jina zima.

"Ni mimi," nikasema, na ili mjue Mungu naye ana mizaha yake, ilitoka kwa sauti nyembamba ya kuku. "Ni mimi niliyepokea. Bolti nilijua si yake. Nilisema tu."

Mama wa kwaya aliyekuwa anaomba akaacha kuomba, akanitazama kama deni la sadaka. Mwingine akasema polepole, "Huyu ndiye aliyemwiga mchungaji siku ya Pasaka." Hakuna aliyecheka. Nilimwangalia Anti, na ile furaha usoni mwake nikaiona inavyoondoka, haikuondoka yote mara moja, iliondoka kama maji kwenye beseni lenye tundu dogo, na hiyo ndiyo adhabu niliyopewa siku ile, nyingine zote zilikuwa nyongeza.

Nilingoja anifukuze. Akaweka mkono juu ya pale palipobonyea katika kiti cha mumewe. Kisha akasema, "Amesema utamwonyesha mgeni. Mwonyeshe. Kwa sauti yako."

Akaleta mwenyewe kopo la majani ya chai.

Basi, mbele ya kwaya nzima, na nje mawe ya mvua yameanza kugonga paa moja moja, nikaikagua bunduki ya mjomba wangu. Sikuanza na bei. Nilipasua pembe ya gazeti, nikaweka karatasi nyuma ya mtutu, nikamulika na kitochi chake, nikamwonyesha Harlan mifereji, nikamwonyesha mdomoni palipochoka. Nilifumba macho nikapitisha kidole gumba kwenye mbao, nikamshika na yeye kidole chake kinachotetemeka nikakiweka kwenye muhuri. Nilimwonyesha pale mkono unapokaa, peusi, na nilipoweka kiganja changu hapo palikuwa na uvuguvugu kama mtu ameondoa wake sasa hivi (najua, ni jua la dirishani, ila jua lilikuwa limeshapotea muda mrefu). Mwisho nikatoa bolti kwenye kopo, ina majani ya chai kwenye mikunjo, nikamsomea namba yake, nikamsomea na namba ya bunduki, zote mbili, taratibu.

"Hazilingani," nikasema. "Nilikudanganya, mzee. Mjomba wangu hakukudanganya."

Harlan akakuna kidevu. Akamgeukia Anti akasema kwa hali ile angetoa mia saba bila kinyongo. Anti akatikisa kichwa. "Amesema mia sita."

Mia sita ikawa. Kabla hajaondoka, yule mzee alimwachia Anti ule ujumbe, mama ndiye aliyejua namna ya kuuhamisha, na Anti akaishikilia simu yake kwa mikono yote miwili. Mimi akaniambia, "Nenda nyumbani, baba. Bado nakupenda, lakini leo nenda." Bosi alinifuata mpaka mlangoni. Sikumwambia neno, kwa sauti yoyote.

Ndani ya gari mama hakuwasha redio. Mvua ya mawe ilikuwa imeacha barabara nyeupe, taa za barabarani zilikuwa zimezimika, na kila gari lilikuwa linajikokota. Kwa dakika ishirini nilitunga kiapo changu: simwigi tena mtu aliye hai, na aliyekufa ndiyo kabisa, simu ikilia iachwe ilie. Mama akaegesha mbele ya jengo letu, akazima injini, akabaki ameshika usukani anaangalia mbele, na mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Mama, sitarudia tena," nikasema. "Naapa."

Akasema, "Niite Kadogo, vile alivyokuwa akiniita. Mara moja tu. Halafu usirudie tena mpaka unizike."